Jembe Jipya Katika Mwaka wa Darasa la Saba

Mwaka 2022, masika yakielekea ukingoni na nyasi za Ufipa zikiwa zimefika kifuani, nilikuwa na umri wa miaka arobaini na saba, mjane wa mwaka wa tano, na mama wa binti aliyekuwa akiongoza darasa la saba katika shule ya kijiji chetu, upande wa Mpui.

Mimi huweka tarehe mahali pake. Nilianza darasa la kwanza Januari 1988, nikiwa na umri wa miaka kumi na mitatu, na nilikalishwa nyuma kwa sababu magoti yangu hayakuingia chini ya dawati. Watoto waliniita Mama Mwalimu. Nilimaliza la saba mwaka 1994 nikiwa kiranja mkuu, na mtihani wa kidato cha nne niliufanya mwaka 2011 kama mtahiniwa wa kujitegemea, baada ya kuolewa na kuzaa. Mtu aliyechelewa kuanza huziheshimu tarehe kuliko aliyeanza kwa wakati. Ndiyo maana nilitaka jambo moja tu kwa binti yangu: kwamba atakapotimiza umri wa kwenda sekondari aende, tena aende katika shule inayolingana na kichwa chake.

Mume wangu alifariki tarehe 11 Agosti 2017. Alikuwa fundi seremala, na majembe yote ya nyumba yetu yalikuwa na mipini aliyoichonga yeye. Shamba lilikuwa la ukoo wake. Aliyeusemea ukoo huo, kwa kuwa kaka zake walikwisha kuhamia mbali, alikuwa dada yake mkubwa, wifi yangu, mwanamke mwenye sauti ya kuitia watu ng'ambo ya bonde.

Jumamosi ya tarehe 19 Machi nilialika majirani waje tulime matuta. Huku kwetu, masika yanapokaribia kwisha, huzilimi nyasi na kuzichoma. Huzikata kwa jembe pamoja na udongo wake, ukazifunika kifudifudi katika matuta ya mviringo tunayoyaita intumba. Juu yake hupandwa maharage. Chini nyasi huoza taratibu mwaka mzima, na mvua za Desemba zikija matuta hubomolewa, udongo ukatandazwa, ukapandwa ulezi. Ni kilimo cha subira. Kinachofunikwa mwezi wa tatu huonekana maana yake mwezi wa kumi na mbili.

Tulikuwa tumefika katikati ya shamba pale mpini wa jembe la binti yangu ulipovunjika, ule aliochongewa na baba yake akiwa bado mdogo. Alisimama akiwa na kipande mkononi, akinitazama kana kwamba alikuwa amevunja sahani ya mgeni. Wakati huo huo nikamwona wifi yangu anashuka njiani na wanawake wawili kutoka nyumba ya jirani yetu mkubwa, mzee mwenye lori, anayenunua mahindi huku juu uwandani na kulima mpunga bondeni Muze. Katikati yao walikuwa wamebeba kitu kirefu kilichofungwa kwa kanga mpya.

"Wifi," akaita kabla hajafika, "Mzee kasikia mjane wa kaka yangu analima. Kakuletea msaada."

Akafungua kanga. Lilikuwa jembe jipya, mpini mweupe, chuma bado kina rangi ya dukani.

"Mwambie Mzee nashukuru," nilisema. "Majembe ninayo."

"Unayo! Na hilo lililokatika shingo je? Wifi, kiburi chako kingekuwa maharage, kisingeiva hata kwa kuni za wiki."

Watu wakacheka. Mimi sipokei msaada ambao sikuuomba, na sikunyoosha mkono. Nikasema, "Liweke hapo chini, basi," nikainama kuendelea na tuta langu. Nilidhani nimekataa.

Binti yangu aliliokota. Alikuwa na umri wa miaka kumi na mitatu na hakuwa na jembe. Shamba lilikuwa mbele yake na watu wote walikuwa wakilima. Jembe lilipoingia ardhini mara ya kwanza, mmoja wa wale wanawake alipiga kigelegele kifupi, kimoja tu, kama mtu aliyeanza kucheka msibani akajiziba mdomo. Niliinua kichwa. Wote watatu walikuwa wamekwisha kugeuka, wanapanda njia.

Zamani, kabla ya watu kuposa kwa fedha na kwa ng'ombe, wazee wetu waliposa kwa jembe. Kila mtu wa rika langu amelisikia hilo, kama tunavyosikia habari za tanuru za chuma ambazo siku hizi ni vichuguu tu porini. Sikulifikiria siku ile. Lilikuwa jambo la wafu.

Lilinijia mwezi wa nne, nilipokutana kisimani na mke wa yule mzee. Ni mkubwa kwangu kwa miaka mingi. Mimi ndiye niliyepaswa kuinama. Nikafungua kinywa nimwamkie shikamoo, naye akatua ndoo, akapiga goti kwenye tope, akagonga viganja taratibu, mara kwa mara, macho yakiwa chini. Hivyo ndivyo Mfipa anavyomsalimu mkwe, na mkwe huitikia kwa kugonga vyake.

"Mama, inuka," nilimwambia. "Unanisalimu kama nani?"

"Nakusalimu unavyostahili," akajibu, akajitwika ndoo yake, akaenda.

Jioni ile nilimfuata wifi yangu nyumbani kwake, nikamwuliza bila kuzunguka kama lile jembe lilikuwa posa. Alikuwa anapepeta maharage, na hakuusimamisha ungo.

"Nani katamka posa? Mtoto bado anasoma, na sheria tunaijua sote. Mtu anafungwa miaka thelathini. Mzee si mjinga."

"Basi nalirudisha kesho."

"Limeshaonja udongo, wifi. Utalirudishaje?" Hapo ungo ukatulia. "Sikiliza. Kaka yangu alipofia hospitali mjini, lori la nani lililomleta? Walisema neno? Hawakusema. Mtoto wao wa kiume yuko Muze na mpunga wake, mtu mzima, mtulivu, hana haraka. Wanangoja. Wanachoomba ni kwamba mtoto asome hapa hapa, shule ya kata, ale ugali wa nyumbani, waonane kwa macho. Kuna ubaya gani kumngoja mtu?"

Kijana huyo sikuwahi kumwona mwaka ule wote. Nilichoona ni mashati yake. Alipokuwa amepanda kutoka bondeni yalianikwa kwenye kamba nyuma ya nyumba ya mzee, mapana mabegani, yakijaa upepo wa kipupwe na kunyoosha mikono kuelekea barabara anayopita binti yangu akienda shule.

Tangu siku hiyo suala la shule likaacha kuwa suala la masomo peke yake. Shule ya kata ilikuwa karibu na nyumba ya mzee kuliko ilivyo karibu na yangu. Zikabaki njia mbili: shule ya bweni ya masista, hapa hapa uwandani, ambayo huchagua wasichana kwa usaili, na shule za serikali za bweni za mikoa ya mbali, ambazo hupangiwa wale tu waliofaulu kupita wenzao. Mwalimu mkuu wa shule yetu, mwanamke mdogo kwangu aliyetoka mkoa mwingine, aliniambia waziwazi: "Mama, huyu anaweza kwenda popote. Usiogope."

Nilizipenda shule za masista tangu utoto wangu, nilipokuwa nawatazama wasichana wao wakipita kwa mstari na soksi nyeupe, mimi nikiwa na jembe begani. Jumamosi moja ya mwezi wa nane nilimpeleka binti yangu kwenye usaili. Tulivaa vizuri. Upepo ulikuwa mkali, vumbi limesimama kama ukuta, na tulipofika getini tulikuta lori linashusha mahindi ya jikoni. Nililitambua kabla ya kusoma namba zake. Upande wa dereva ulikuwa na bonyeo lile lile nililoliona siku lilipomleta mume wangu.

Mlinzi wa geti alitazama barua yetu, kisha akamtazama binti yangu, akafurahi.

"Aa! Karibu, mkwe wa Mzee! Dereva kanieleza mtakuja. Pita, mwanangu, hapa ni kwenu. Mzee huja kila mwezi, tena wakati mwingine mara mbili. Hutakosa wa kukuletea salamu."

Alikuwa mtu mwema, na hakujua alichokuwa anasema. Binti yangu alinishika kiwiko.

"Mama, nani kamwambia hivyo?"

"Ingia kwenye usaili," nikamjibu. "Jibu kila swali."

Aliingia, akajibu, akashinda. Sista aliyenipa matokeo alinipongeza kwa mikono yote miwili. Nilirudi nyumbani bila kuchukua fomu ya kujiunga, na njia nzima sikuweza kumweleza mtoto kwa nini ninakataa shule niliyomsifia tangu alipojua kutembea. Mwishowe alinieleza yeye.

"Ni lile jembe," alisema. Basi lilikuwa limesimama kupakia magunia. "Watoto wa shule wananiita mke wa Muze tangu mwezi wa tano. Nilidhani wanatania."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilidhani wewe ndiye uliyekubali. Ulisema liwekwe chini."

Nikatazama dirishani. Kuanzia pale ikawa dhahiri kwetu sote wawili kwamba imebaki njia moja: apate alama za kumtoa nje ya mkoa. Si kufaulu tu; kufaulu huko kungemfikisha shule ya kata. Alipaswa kufaulu kiasi cha kuondoka.

Wifi yangu naye alilijua hilo. Siku za mwisho kabla ya mtihani, ambao mwaka ule ulifanyika mwanzoni mwa Oktoba, akawa mpole. Alimletea mtoto mayai. Alimsuka nywele barazani kwangu, kichwa cha binti yangu kikiwa katikati ya magoti yake, na mimi nikiwa ndani nasonga ugali nilimsikia akinena kwa sauti ndogo, yeye ambaye sauti ndogo hakuwahi kuwa nayo.

"Wewe ni mtoto wa kaka yangu, siwezi kukutakia mabaya. Maswali yakija, jibu nusu. Nusu inatosha. Hesabu waachie wenyewe. Nani atakuuliza? Utapata shule ya kata, utakaa na mama yako. Unamwona mama yako? Kichwa chake kimejaa vitabu, lakini nyumba anayolala ni ya nani?"

"Ya baba, shangazi."

"Ya ukoo, mwanangu. Ya ukoo. Mtoto wa kike akipanda ngazi mno, aliye chini huchoka kuishikilia. Tulia nisikuumize."

Nilitoka na mwiko mkononi. Wifi yangu alinitazama, akatabasamu, akaendelea kusuka.

"Tunaongea mambo ya kike," akasema.

Asubuhi ya mtihani nilipoamka kuchemsha uji, nilimkuta amekwisha kufika, amejifunga kanga mbili, anamngoja mtoto amsindikize. Kanga ya juu niliijua. Ndiyo iliyofunga jembe. Waliondoka pamoja kwenye ukungu, mkono wa wifi yangu ukiwa begani kwa binti yangu, na nilipoteza miguu yao kwanza, kisha migongo, kisha nikabaki nasikia sauti moja tu ikisema na nyingine ikiwa kimya.

Binti yangu aliporudi jioni sikumwuliza. Alikula, akaosha sahani, akalala. Siku ya pili vivyo hivyo. Mtoto aliyekuwa na mazoea ya kunirudia kila swali na jibu lake, safari hii hakunirudia hata moja. Nilimjua vya kutosha kujua kwamba anaficha kitu, lakini sikujua ni kipi: kwamba amejibu yote au kwamba amejibu nusu. Wiki zile zote za kungoja, mke wa mzee aliendelea kunipigia goti kisimani. Nilianza kuchota maji alasiri, jua likiwa kali, ili nisimkute. Akahamia alasiri.

Mvua za kwanza zilikuja na radi upande wa bondeni. Matokeo yalikuja katikati ya mvua hizo. Mwalimu mkuu alikuja mwenyewe nyumbani, viatu mkononi, miguu imejaa tope hadi ugokoni, akaanza kucheka kabla hajavuka kizingiti. Binti yangu alikuwa amepata daraja la juu katika kila somo.

"Hata hesabu?" niliuliza.

"Hesabu kuliko yote!"

Nilimgeukia binti yangu. Alikuwa amesimama karibu na figa, uso hauna furaha wala huzuni.

"Nilimwahidi shangazi kwamba nitajibu nusu," alisema. "Ndiyo maana sikuweza kukwambia. Nilimwahidi ili aondoe mkono begani."

Mwezi wa Desemba majina ya kidato cha kwanza yalipotoka, lake lilikuwa katika shule ya bweni ya wasichana ya serikali, mkoa wa mbali, safari ya siku nzima na zaidi. Ningeweza kumpandisha basi kimyakimya. Mwalimu mkuu, nilipomweleza habari za jembe, alinishauri twende polisi kwanza. "Sheria ipo, mama. Nipe neno tu."

"Neno lipi?" nilimwuliza. "Nani amesema ataoa? Mzee amempa jirani mjane jembe. Hata mimi nikiulizwa nitasema hivyo, kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa."

Jambo lisilofungwa mbele ya watu humfuata mtu popote. Nikaomba kikao cha ukoo, na nikaomba kifanyike ofisini kwa mtendaji wa kijiji, mwalimu mkuu na binti yangu wakiwepo, maneno yaandikwe na yatiwe saini. Kilifanyika Ijumaa, tarehe 30 Desemba 2022, saa nne asubuhi.

Mzee alikuja na koti lake la kanisani. Alimsalimu kila mtu, akaketi karibu na mlango. Wifi yangu alisema maneno mengi kuhusu lori, kuhusu marehemu, kuhusu wanawake wanaosoma wakasahau waliowazika waume zao. Alipomaliza, niliweka lile jembe mezani. Nilikuwa nimeliosha.

"Mzee, shikamoo. Jembe lako hili. Nalirudisha mbele ya serikali na mbele ya ukoo, ili ifahamike kwamba ndani ya nyumba yangu hakuna kitu chako."

"Marahaba, mwanangu." Alilishika mpini, akalipima uzito. "Chuma kimelika kidogo. Si neno. Lakini wewe ni Mfipa. Jembe lililoonja udongo halirudi mikono mitupu. Lina kazi yake iliyomo ardhini."

"Kazi gani, Mzee?" mtendaji akauliza.

"Matuta," nikajibu mimi. Nilikuwa nimelitegemea hilo, na sikutaka anisaidie kulisema. "Matuta liliyolima yako tayari kubomolewa. Chukua matuta yote, hata yale lisiyoyagusa. Panda ulezi wako, uvune. Msimu huu shamba zima ni lako. Msimu ujao ni letu, na jembe halipo."

Wifi yangu akashtuka. "Utakula nini?"

"Nitakula kiburi changu, wifi. Kuni za wiki zipo."

Hakuna aliyecheka. Mzee akaitikia kwa kichwa. Mtendaji aliandika: jembe limerudishwa na kupokelewa, shamba limetolewa kwa msimu mmoja, hakuna dai lolote la mtu yeyote juu ya mtoto, mtoto atakwenda shule aliyopangiwa. Akasoma kwa sauti. Nilitia saini yangu kwa jina kamili. Wifi yangu akatia yake. Mzee akavaa miwani, akasoma mstari kwa mstari, akageuza karatasi kuona kama nyuma kumeandikwa kitu, akasaini kwa mwandiko mzuri kuliko wetu sote. Mtendaji akagonga mhuri. Jambo lilikuwa limekwisha.

Mzee akasimama, akaweka jembe begani. Mlangoni akageuka, si kwangu, bali kwa mwalimu mkuu.

"Mwalimu, hizo shule za mbali, zina likizo?"

"Zote zina likizo, Mzee," mwalimu akajibu kwa furaha, kwa kuwa aliona yamekwisha. "Ndefu ya kwanza ni mwezi wa sita. Watoto wote hurudi nyumbani."

"Mwezi wa sita," akasema. "Ulezi utakuwa umeingia ghalani. Nitakuwepo."

Kisha akamtazama binti yangu, akainama kidogo, mzee wa umri ule, akagonga viganja vyake taratibu, mara kwa mara, macho yakiwa chini, akingoja aitikiwe. Mtoto amelelewa kutomwacha mkubwa bila jibu, na niliona mikono yake inaanza kuinuka. Nikaishika yote miwili, nikaifunga ndani ya yangu, nikaibana mpaka makofi ya mzee yakanyamaza.